Sanduku Nyuma ya Mlango wa Tanuru

Mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu katika chumba cha tanuru. Wengine wenu mmeniomba kwa nia njema. Wengine, na nawajua, mliona kwamba nikipewa kalamu na kiti nitaacha kusimama nyuma yenu nikiwaambia mnashika koleo vibaya. Nawashukuru nyote. Koleo bado mnalishika vibaya.

Sitaandika habari za vyeo. Waliopanda vyeo walikwishawaambia wenyewe, tena zaidi ya mara moja. Nitaandika habari za chumvi, za risasi, na za sanduku la mbao lililosimama nyuma ya mlango wetu miaka ile ya mwanzo, mpaka siku lilipoacha kusimama pale.

Nilifika Kampala kutoka Bungoma miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, nikimfuata mume wangu aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli Kamwokya. Nilikuwa nimesomea kazi ya maabara kwetu Kenya na nimefundisha watoto wa shule kutochoma nyusi zao, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Siku ya kwanza kazini, Daktari Namukasa hakuniuliza vyeti. Alinipa kisahani chenye chumvi nyeupe, kavu, nzuri kama sukari ya dukani, akaniambia niiweke mezani niiangalie, kisha akaenda zake kufundisha.

Nikaiangalia. Saa ya chai ilikuwa imeanza kung'aa. Ilipofika adhuhuri ilikuwa uji. Jioni Daktari aliporudi, nilikuwa nimesimama mbele ya kisahani cha maji, natunga maneno ya kujieleza na kuhesabu kichwani basi za kunirudisha Bungoma. Alikitazama kisahani, akaonekana kuridhika sana.

"Sasa umejua adui yetu," akasema. "Hii chumvi iko na kiu. Inakunywa hewa ya Kampala."

Hilo ndilo somo la kwanza, na ukilishika hilo unaweza kulala kidogo katika mengine. Kazi yetu ilikuwa kutoa risasi kutoka betri za gari zilizokufa. Watu wakisikia tunatengeneza risasi walikuwa wanatutazama mara mbili, hasa miaka ile ambapo kuta za taasisi zilikuwa bado na matundu, na ilibidi tueleze kwamba yetu ni ile metali nzito ya betri na wala haihusiani na bunduki. Unga wa betri tuliugeuza kuwa kloridi, tukaiweka ndani ya chumvi mbili zilizochanganywa, ile ya lithiamu na ile ya potasiamu, tukazipasha moto katika chungu kidogo cha kaure mpaka zikayeyuka. Hapana maji humo hata tone. Ni chumvi tupu, lakini ikiyeyuka vizuri inakuwa safi kabisa, unaona hadi chini. Halafu unateremsha ufito wa kaboni upande mmoja, na upande wa pili waya wa chuma uliovikwa mrija mpaka karibu na ncha, unapitisha umeme, na risasi inaanza kujikusanya kwenye ncha ya waya. Kwa kuwa joto limeshapita lile linaloyeyusha risasi, haigandi. Inadondoka. Matone yanakutana chini ya chungu na kuwa kidimbwi kinachong'aa kama jicho la samaki aliyevuliwa sasa hivi. Nimekiona mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na bado nikikiona nanyamaza.

Ninyi mna mashine inayowaandikia joto kwa tarakimu nyekundu. Sisi tulikuwa na tochi. Unamulika ndani ya chungu, na kama chumvi inakuonyesha kidimbwi, uko sawa. Kama imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na siku yako imeharibika.

Fito za kaboni tulizipata ndani ya mawe ya tochi yaliyokwisha, na aliyeyapasua alikuwa Rajabu, fundi umeme wetu. Rajabu alikuwa Mnubi wa Kibuli, mjukuu wa askari aliyeletwa na wakoloni kutoka Sudani, na alikuwa na mambo mawili ambayo hakuyafanyia mzaha: nyaya na wageni. Nyaya zake zilikuwa zimenyooka kama safu za sala msikitini. Kuhusu wageni, ukipita tu kwenye korido kuuliza njia, Rajabu alikuwa ameshakuvutia kiti.

Ni kwa sababu yake na yangu chumba kile kilisema Kiswahili. Daktari Namukasa alikuwa Muganda wa kweli, na Kiswahili chake cha mwanzo alikipata kwenye vizuizi vya askari barabarani, kwa hiyo alijua "shuka chini" na "fungua buti" kabla hajajua "habari za asubuhi". Alijifunza kilichobaki kutoka kwetu, r na l zikibadilishana viti mdomoni mwake, na amri zake hazikupoteza ile ladha ya kizuizini. Mlangoni alibandika karatasi kwa mwandiko wake: HAPANA CHAKURA. Hakuna aliyemsahihisha. Risasi ni sumu, na sheria ile ilitulinda kuliko maziwa ambayo utawala ulitupa tunywe ati yanaosha kifua. Maziwa hayaoshi kitu. Tulikuwa tunayanywa nje, kwa sababu yalikuwa matamu.

Sasa sanduku. Daktari alikuwa amekwenda kusoma ng'ambo katikati ya miaka mibaya, na vita vilipokwisha akarudi, wakati rafiki zake wa huko walikuwa wanamshika mkono asirudi. Alikuja na tanuru lile dogo ndani ya sanduku la mbao, jina la mji wa huko limepakwa rangi nyeusi ubavuni. Tanuru alilitoa. Sanduku akaliacha zima nyuma ya mlango, mfuniko umeegemezwa, misumari yake ndani ya kopo. Wiki yangu ya kwanza nilimwuliza kama naweza kuwekea mifagio humo.

"Hapana gusa. Hii ni ya tanuru."

Baadaye Rajabu akanieleza nje, sauti ya chini. "Mama Wafula, lile sanduku liache. Chuo cha ng'ambo bado kimemwekea nafasi. Siku wakitunyang'anya chumba, tanuru linaingia mle ndani, na yeye anaondoka nalo."

Kwa hiyo kila asubuhi tukifungua mlango tulikuwa tunatazama kwanza kama misumari bado iko koponi. Hatukusema, lakini tulitazama. Nilikuwa nimempenda yule mwanamke. Alikuwa mkali, aliweza kukaa siku nzima bila kukusifu, na usipomwona unaona chumba kikubwa mno. Sikutaka aondoke, na Rajabu hakutaka, na yeye mwenyewe, nadhani, hakuwa ameamua.

Basi utawala ukatamani chumba chetu. Walitaka kuhifadhia viti. Msifikiri ni viti vya maana. Vilikuwa viti vya kawaida vya kukalia, vimepangwa kwenye korido, na kila ukipita vinakukwaruza mguu. Mkuu wa utawala alisema tanuru halijawahi kumwonyesha kitu, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa sababu hajawahi kuja kutazama. Mwishowe wakakubaliana: watakuja wageni kutoka wizarani, waoneshwe. Wakiona metali, chumba kinabaki. Wasipoiona, ni viti.

Chumvi ya siku hiyo Daktari aliikausha mwenyewe. Ilikaa kwenye oveni ya kukaushia tangu juzi yake, sahani pana juu ya rafu ya kati, moto wa wastani, na kila tuliyemkuta karibu na mlango wa oveni tulimtazama kama mwizi wa kuku. Asubuhi ya wageni Daktari alikwenda kupokea maagizo ya mwisho utawalani. Mimi nilikuwa nje nasugua koleo. Niliporudi na kufungua oveni, nilipokewa na harufu ya vitunguu.

Rafu ya juu ilikuwa na sinia la sambusa. Zilikuwa nzuri, za pembe kali, bado zinatoa mvuke, na chini yake ile chumvi yenye kiu imeshaanza kung'aa.

Daktari aliingia nikiwa bado nimeushika mlango wa oveni. Alitazama ndani, akaufunga, akaufungua tena.

"Rajabu. Hii ni nini?"

"Sambusa, nyabo," akajibu, kwa lile neno la Kiganda la kumheshimu mwanamke. "Mama yangu amezileta kutoka Kibuli. Za wageni."

"Kwa nini iko na chumvi yangu?"

"Zisipoe," akasema Rajabu. Halafu akaiona chumvi, na uso wake ukaanguka.

Mniamini, yule mtu alijua chumvi kuliko mimi. Alikuwa amesoma ile karatasi ya mlangoni kila siku. Lakini wageni wanakuja, chakula kinapoa, na mbele yake kuna kabati lenye moto wa wastani. Mkono wake ulifanya ulichofundishwa nyumbani kwao kabla kichwa hakijafika. Daktari hakumgombeza. Alirudi nyuma akaketi juu ya sanduku. Tangu nifike sikuwahi kumwona mtu akilikalia.

"Sambusa zitupwe," akasema hatimaye. "Oveni hii ina vumbi la risasi. Nikiua watu wa wizara, watasema ni siasa."

Rajabu alizibeba mpaka shimo la takataka nyuma ya jengo, akitembea polepole, sinia mbele ya kifua. Namwelewa. Alikuwa anazika heshima ya mama yake, na pia wageni wa watu watakaa mchana kutwa bila kutafuna kitu.

Hakukuwa na chumvi nyingine wala muda wa kuikausha upya. Tukaiyeyusha hivyo hivyo. Ilitema mate, ikatoa moshi wa kukereketa, na ilipotulia nikamulika tochi: maziwa matupu. Kidimbwi cha risasi kingeweza kuwa humo na usikione, na hata kisingekuwa kizuri. Daktari alisimama ameukunja mkono kiunoni. Kisha akaniambia nikimbie Katwe, kwa mafundi wanaoziba rejeta za magari, nikanunue ile chumvi yao nyeupe ya kusafishia shaba kabla ya kutia lehemu. Ile ni kloridi ya amonia. Ukiitia kidogo kidogo katika chumvi iliyonywa maji, inafukuza maji na kurudisha usafi, na yenyewe inaondoka kama moshi. Alikuwa ameisoma ng'ambo; mahali inapouzwa Kampala alikuwa anapajua tangu utoto.

Nilipanda boda boda nikiwa na koti la maabara. Fundi wa Katwe alinitazama, akatazama nyuma yangu.

"Mama, rejeta iko wapi?"

"Sina rejeta. Nataka hiyo chumvi tu."

"Bila rejeta utafanya nayo nini?"

"Natia kwenye chumvi nyingine."

Alinifungia kwenye gazeti akiwa na huruma usoni, na akaniambia niende pole pole nyumbani.

Wageni waliingia wakati Daktari anatia chembe za mwisho za chumvi ya Katwe, moshi mweupe unapanda kwenye kabati la kuvutia moshi nje. Walikuwa wachache, mkubwa wao mzee mmoja wa mvi, mpole, mwenye macho ya mtu aliyeamka mapema. Mkuu wa utawala alisimama nyuma yao akipima chumba kwa macho, na nilijua anahesabu viti. Rajabu aliwaambia karibu kwa sauti ya msiba. Nikamulika. Chumvi ilikuwa safi hadi chini. Ungeweza kuhesabu mikwaruzo ya chungu. Daktari akateremsha ufito na waya, Rajabu akaunganisha umeme, na baada ya muda tone la kwanza likaanguka. Mzee wa mvi akavuta miwani.

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Mnajua umeme wetu. Sina haja ya kuwaelezea. Feni ya kabati la moshi ikanyamaza, tanuru likaanza kupoa, na nje mvua ilikuwa inashuka kama imetumwa. Chumvi ikiganda na fito zikiwa ndani, chungu kinapasuka na kila kitu kinakwama humo, kama vile mguu kwenye saruji.

"Toa fito. Tunaenda barazani," akasema Daktari.

Barazani kulikuwa na sigiri ya Rajabu, lile jiko dogo la makaa, imewashwa kwa ajili ya chai ya wageni. Birika likashushwa. Daktari na mimi tulikibeba chungu kwa koleo refu, hatua baada ya hatua, wageni wamejibanza ukutani, kwa sababu tone moja la mvua likiingia kwenye chumvi ya namna ile, litarudi na chumvi usoni mwako. Hapo ndipo unapojua kushika koleo. Tulikiweka juu ya makaa, chini kabisa ya paa, upepo ukichukua klorini, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye ufito, upande wa bustani. Sasa umeme. Nikageuka kumwuliza Rajabu, naye hayupo. Alirudi kupitia mvua, amelowa, amekumbatia betri ya gari.

"Umeitoa wapi?" nikamwuliza.

"Kwenye gari," akasema, akakwepa macho ya wageni.

Nyuma yake alikuja dereva wa wageni, mstaafu wa jeshi anayekaa Mbuya, mwavuli mkononi. "Huyu mtu amefungua boneti yangu bila amri," akamwambia mzee wa mvi. "Nimemwuliza, anasema wageni hawaondoki bila kula."

"Na hawatakula," mzee akajibu, kwa sababu habari za sambusa zilikuwa zimeshamfikia. "Mpe nafasi aunganishe."

Tulikwenda vizuri kwa muda. Matone yalianza kukutana. Lakini makaa yale yalikuwa ya kupikia chai, na gunia la akiba lilikuwa limesimama chini ya mfereji wa paa, limelowa mpaka katikati. Nilipepea hadi bega likauma. Moto ukawa mwekundu hafifu, na pembeni mwa chungu chumvi ikaanza kutanda ngozi nyembamba, kama ile ya uji uliosahauliwa. Mkuu wa utawala aliiona pia. Akakohoa kidogo, kwa adabu.

Daktari alitazama ngozi ile. Akaingia ndani. Tukasikia kitu kinaburutwa sakafuni, na akatokea mlangoni, kinyumenyume, anavuta sanduku.

"Rajabu, vunja."

Rajabu hakusogea. "Nyabo, hili ni la tanuru."

"Najua ni la tanuru. Vunja."

Alichukua nyundo. Ubao wa kwanza ulitoka kwa mlio mkali, ubao mkavu wa msonobari uliokaa ndani miaka, na ulipoingia chini ya chungu ulishika mara moja. Moshi ukawapanda wageni machoni, wakaanza kuhama upande huu na upande ule, na moshi unawafuata, kama inavyokuwa kwa kila mtu aliyewahi kukaa jikoni kwa bibi yake. Ngozi ikayeyuka. Mbao zikaingia mmoja baada ya mwingine, yeye mwenyewe akizichomeka, na nikasoma nusu ya jina la ule mji likigeuka kuwa jeusi juu ya jeusi. Nilikuwa nalia. Nikisema ni moshi mtakubali, na mzee wa mvi alikuwa analia vilevile, naye hakuwa na sababu nyingine.

Mwishowe Daktari aliinua ufito, akammulikia mzee. Mzee akainama kutazama. Chini ya chumvi ile safi kulikuwa na kidimbwi kinachotikisika kila mtu akikanyaga sakafu. Tukaimwaga chumvi kwenye karai kavu, kisha metali ikafuata kwa uzito wake, ikaanguka na kutulia. Ilipopoa, mzee aliivalia glovu, akaipima mkononi.

"Ni nzito," akasema.

"Ni risasi," Daktari akajibu.

Ndiyo hotuba pekee iliyotolewa siku hiyo. Rajabu aliirudisha betri, dereva akaikagua kama anapokea bunduki ghalani, na wageni wakaondoka na njaa.

Uamuzi haukuja siku hiyo wala mwezi ule. Kusema kweli, haukuja kabisa. Siku moja tu tulikuta viti vimehamishiwa jengo lingine, na hakuna aliyetuambia sababu. Ubao mmoja ulinusurika, kwa kuwa Rajabu aliuficha nyuma ya mgongo wake. Ndio rafu iliyo juu ya sinki la kuoshea mikono. Juzi nilipokuja kuchukua koti langu nilikuta mtu ameweka chapati juu yake, imefungwa kwenye gazeti. Nimeitoa; iko nje barazani. Simtaji mtu.

Lakini jioni ile tulikuwa hatujui lolote la viti. Mvua ilikuwa imekwisha. Rajabu alikuwa ameketi kwenye ngazi, na Daktari alikuwa anaokota misumari katika majivu na kuiangusha koponi, mmoja mmoja. Nilishindwa kujizuia.

"Daktari, kesho wakisema hapana? Tanuru litasafirije?"

"Halisafiri," akasema. "Sasa harina nguo ya safari."

Akaendelea kuokota. Misumari ilipokwisha, alimpa Rajabu kopo, akajipangusa mikono kwenye koti.

"Mwambie mama yako," akamwambia, "Ijumaa arete sambusa zingine. Tutakura hapa hapa nje."